Mlezi Akiondoka, Nini Kinabaki kwa Kijana?

Mwishoni mwa Mei 1886, huko Munyonyo katika ufalme wa Buganda, Karoli Lwanga aliwabatiza usiku vijana kadhaa waliokuwa bado wanajifunza dini. Kizito, mdogo kuliko wenzake, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Lwanga mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba 1885, siku ileile alipouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe aliyekuwa akiwaongoza vijana hao wa ikulu kabla yake. Ubatizo wake, basi, ulikuwa na miezi sita tu. Huko Namugongo, tarehe 3 Juni, wauaji walimtenga Lwanga kutoka kwa wenzake, wakamchoma kwanza, peke yake. Wale vijana waliingia motoni bila mlezi wao.

Habari hiyo husimuliwa kama habari ya ujasiri, na ndivyo ilivyo. Lakini mtu anayelea vijana kanisani ana jambo jingine la kutazama pale. Vijana wale walinyang'anywa kiongozi mara mbili ndani ya miezi saba: kwanza Mukasa, kisha Lwanga. Mukasa alipouawa kazi haikuzikwa naye, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuipokea. Na Lwanga alipotengwa, kilichokuwa ndani ya vijana hakikutengwa pamoja naye.

Hapo ndipo tunapoona kipimo cha kazi hii. Mlezi akiwapo, ukumbi hujaa, nyimbo huimbwa, mikono huinuliwa, na kila mtu hudhani kazi imefanyika. Athari yake ya kweli huanza kuonekana siku kijana anapohama: anapomaliza shule, anapopata kazi mji mwingine, anapofiwa, anapokutana chuoni na mwenzake mwenye hoja kali kuliko zote alizowahi kuzisikia. Wengi huteleza hapo. Wakiteleza, lawama hutupiwa ulimwengu, anasa na simu. Mara nyingi chanzo ni cha karibu zaidi: imani ya kijana ilikuwa imefungwa kwenye kikundi, na kikundi kimefungwa kwa mtu mmoja. Kijana akitoka kwenye kikundi, kamba imekatika.

Kwa hiyo hesabu ya waliohudhuria kongamano, ambayo ni rahisi kuiandika kwenye ripoti, haisemi mengi. Hesabu inayofaa ni hii: chukua majina ya vijana 20 waliotoka mikononi mwako miaka mitano iliyopita. Wangapi leo wana mahali wanaposali na wanapojulikana kwa majina? Wangapi wanaweza kufungua Maandiko wenyewe, bila kusubiri kusomewa? Wangapi wanamlea mtu mwingine? Mlezi asiyeweza kujibu maswali hayo kwa sababu hajui walipo, amekwisha kupata sehemu ya jibu.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, maana walezi wenye bidii hulisahau: mlezi wa vijana si mzazi. Utafiti mkubwa wa vijana na dini uliofanywa Marekani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiongozwa na mwanasosholojia Christian Smith, ulionyesha kwamba wazazi ndio wenye nguvu kubwa kuliko watu wengine katika kuunda imani ya kijana, hata pale wazazi wenyewe wanapodhani hawasikilizwi tena. Paulo alilijua hilo bila takwimu. Anapomwandikia Timotheo anaitaja imani iliyokuwa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, ndipo mengine yafuate. Mlezi anayepanda juu ya msingi wa nyumbani hujenga haraka. Anayejaribu kushindana na nyumbani, akimfanya kijana awaone wazazi wake kuwa watu wa kiroho duni, hubomoa hata kile alichokikuta. Kumtembelea mzazi mara moja kwa muhula, kukaa nusu saa na kusikiliza, kuna faida kuliko semina nyingi.

Kazi yenyewe sasa inafanyika wapi? Haifanyiki jukwaani. Inafanyika kwenye kikundi kidogo cha vijana watano hadi wanane, kinachokutana kila wiki, na mlezi yuleyule kwa miaka miwili au mitatu mfululizo. Wakizidi wanane, wawili au watatu hujificha nyuma ya wasemaji. Wakiwa chini ya wanne, asipokuja mmoja kikao kinakuwa kizito. Saa moja inatosha: dakika 15 za kujuliana hali, 30 za Neno, 15 za maombi. Kinachoharibu kikao mara nyingi ni mlezi kuongea mno. Anauliza swali, vijana wananyamaza sekunde tatu, anaogopa ukimya, anajibu mwenyewe. Akifanya hivyo wiki nne, vijana wanajua kwamba swali lake si swali, na hawajisumbui tena kufikiri. Uliza, kisha hesabu moyoni hadi kumi. Mara nyingi kwenye saba au nane kuna mtu atakayefungua mdomo, na mara nyingi si yule mwenye majibu siku zote.

Swali lenyewe nalo lina uzito. "Mstari huu unatufundisha nini?" huvuta majibu ya kukariri: upendo, utii, maombi. "Ni sentensi gani hapa usingependa iwe kweli?" huvuta jibu la kweli. Binti anaposema kwamba aliomba mama yake apone na mama hakupona, mlezi ana sekunde chache za kuamua. Akirukia mafundisho kuhusu mapenzi ya Mungu, hata kama kila neno ni sahihi, binti hujifunza kwamba maswali ya aina ile hayaletwi hapa. Atayapeleka kwingine, kimya kimya, na miaka mitatu baadaye watu watashangaa kwamba ameacha kanisa ghafla. Afadhali mlezi amuulize mama alikuwa mtu wa namna gani, amsikilize mpaka mwisho, wasome pamoja zaburi ya maombolezo, na akubali kusema, "Sina jibu la hilo." Kijana aliyemwona mtu mzima akiwa na imani na asiye na jibu, vyote viwili kwa pamoja, amepewa kitu atakachokitumia akiwa na miaka 40.

Dietrich Bonhoeffer, mwanateolojia wa Ujerumani, alikuwa na umri wa miaka 25 alipokabidhiwa darasa la kipaimara katika Kanisa la Sayuni, Berlin, mwishoni mwa 1931. Walikuwa wavulana wapatao 50 wa mtaa wa wafanyakazi maskini, na sifa yao ilikuwa mbaya. Siku ya kwanza alipokuwa akipanda ngazi na mchungaji mzee, walikuwa wamejazana juu wakipiga kelele na kuwarushia vitu. Waliposikia jina lake wakaanza kuimba kwa pamoja, "Bon! Bon! Bon!" Yeye aliegemea ukuta akakaa kimya. Kisha akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini kabisa, kiasi kwamba waliokuwa mbele tu ndio walioweza kusikia. Waliokuwa nyuma wakanyamaza ili wasikie. Akawasimulia habari za Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York alikokuwa ametembelea, akawaahidi kuendelea kipindi kijacho wakitulia.

Hiyo ndiyo sehemu inayopendwa kusimuliwa, ila isingetosha. Kilichofuata ndicho chenye uzito: alipanga chumba katika mtaa wao, wavulana wakawa wanakuja jioni bila miadi, wanacheza chesi, wanajifunza Kiingereza kidogo. Aliwatembelea wazazi wao, akaona jinsi walivyoishi. Kipaimara kilipokaribia, Machi 1932, alipata jora la kitambaa akakata kwa ajili yao, ili asiwepo mvulana wa kukosa suti siku hiyo. Sauti ya chini ilimpatia dakika kumi. Chumba mtaani na kitambaa cha suti ndivyo vilivyompa haki ya kusikilizwa.

Don Bosco, padri wa Torino, Italia, alifanya jambo la aina hiyohiyo kwa namna ya mwanasheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 aliandikiana mikataba na mafundi waliowachukua vijana wake kujifunza kazi. Mikataba hiyo ilimzuia fundi kumpiga kijana au kumgeuza mtumishi wa nyumbani, na ilimtaka ampe mapumziko siku za sikukuu. Kijana aliyefundishwa dini na mtu aliyekwenda kumtetea kwa mwajiri wake hana haja ya kuelezwa sana maana ya mchungaji mwema.

Kumkumbuka kijana kwa uthabiti ni kazi ya mikono, haitegemei kipaji. Daftari la kurasa 80 linatosha. Kila kijana ana ukurasa wake: jina, anaishi na nani, ndugu zake, tarehe ya mtihani, jambo aliloomba aombewe na tarehe aliyoliomba. Baada ya wiki mbili unamuuliza kuhusu jambo lile. Hapo ndipo kijana anapogundua kwamba alisikilizwa. Siri nzito haziandikwi humo: ugonjwa, ugomvi wa wazazi, jambo aliloungama. Daftari likipotea, lisiwe la kumwaibisha mtu.

Na kuna barua. John Stott aliamua kumfuata Kristo Februari 1938 akiwa mwanafunzi wa shule ya Rugby, Uingereza, baada ya kumsikia Eric Nash, mhubiri aliyeendesha kambi za wavulana wa shule. Nash hakuishia kwenye uamuzi ule. Alimwandikia barua kila wiki kwa miaka mitano. Kwa hesabu ya haraka hizo ni barua 260 kwa mwanafunzi mmoja. Stott alikuja kuwa mchungaji aliyejulikana duniani na mmoja wa waandishi wakuu wa Agano la Lausanne la 1974, tamko la Wakristo wa kiinjili kuhusu uinjilisti. Lakini yeye mwenyewe alieleza kwamba barua zile zilikuwa na makaripio mengi, na kwamba alipoona mwandiko wa Nash juu ya bahasha alihitaji nusu saa ya kuomba na kujiandaa kabla ya kuifungua.

Tusilipite jambo hilo haraka. Wapo wanaosoma habari hiyo wakaona nidhamu nzuri, na matunda yalikuwepo. Sisi tunaona pia mvulana anayeogopa bahasha. Mfereji uliompelekea Neno ndio uleule ungeweza kumpelekea chochote ambacho mlezi angeamua kuweka ndani yake. Stott alimpata mtu aliyempenda na aliyekuwa mkali. Wengine katika kambi hizohizo, kizazi kimoja baadaye, walimpata John Smyth.

Smyth alikuwa wakili mashuhuri na mwenyekiti wa mfuko ulioendesha kambi hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1982 aliwachukua wavulana na vijana waliomwamini, akawapeleka kwenye banda la bustani ya nyumba yake huko Winchester, akawachapa kikatili kwa madai kwamba ni nidhamu ya kuwatakasa dhambi. Mwaka 1982 ripoti iliandikwa na kusomwa na watu wachache, wala polisi hawakuambiwa. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, akaendelea. Alikufa Cape Town mwaka 2018 bila kutiwa hatiani na mahakama yoyote. Uchunguzi uliochapishwa Novemba 2024 ulionyesha kwamba waliodhuriwa wanazidi 100, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu.

Wale walionyamaza hawakuwa wote watu waovu. Ndilo linalotisha. Wengi walikuwa watu wa maombi walioogopa "kuiharibu kazi ya Mungu", kana kwamba kazi ya Mungu ni jina la kambi, na wavulana wenyewe si sehemu yake. Watu waliodhuriwa hivyo hubeba athari ya mlezi wao kwa miaka 40, sawasawa na waliobarikiwa. Athari ya kudumu haina upande. Upande unawekwa na kilichomo ndani yake.

Kwa hiyo taratibu za ulinzi ni sehemu ya malezi yenyewe, na mlezi anayeziona kuwa tusi kwa uaminifu wake hajaelewa anashika nini mkononi. Watu wazima wawili wawepo katika kila shughuli, wasiwe mume na mke peke yao wala ndugu. Mazungumzo ya faragha yafanyike mahali ambapo wengine wanaona bila kusikia: kibarazani, chumba chenye mlango wazi, benchi la uwanjani. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi ambamo yumo mlezi wa pili, na saa tatu usiku uwe mwisho. Asiwepo kijana anayelala chumba kimoja na mlezi kambini. Fedha na zawadi kwa kijana mmoja zipitie kwa mshika fedha wa kanisa, kwa sababu deni la siri ni kamba. Hata kile chumba cha Bonhoeffer kilichokuwa wazi jioni, leo kingehitaji mtu mzima wa pili ndani yake, na kisingepungukiwa na upendo wowote.

Jambo gumu zaidi ni siri. Kijana anakuja, anatazama chini, anasema: "Nitakuambia, ila uahidi hutamwambia mtu." Walezi wengi wapya huahidi, na ahadi hiyo huwafunga mikono wanaposikia kinachofuata. Jibu la kujifunza kwa moyo kabla ya siku hiyo ni hili: "Sitalitangaza. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, au unafikiria kujiumiza, nitalazimika kumwambia anayeweza kukusaidia, na wewe ndiwe nitakayekuambia kwanza ni nani." Wengine watanyamaza siku hiyo. Wengi hurudi, kwa kuwa wamemwona mtu asiyewadanganya hata pale uongo ulipokuwa rahisi.

Tukirudi kwenye malezi ya kawaida, yasiyo na uhalifu wowote, kuna dalili za utegemezi ambazo mlezi mwema anaweza kuzifurahia bila kujua zinaelekea wapi. Kijana anaanza kuomba kwa sauti ya mlezi, maneno yaleyale, mahali pale pale pa kuvuta pumzi. Anauliza mlezi achague masomo gani, amchumbie nani, akatae kazi ipi. Hali hii huonekana kama heshima. Dawa yake ni kurudisha swali: "Wewe umeliombea? Umesoma nini? Umemuuliza nani mwingine?" na kukataa kutoa uamuzi hata kama unao. Mlezi anayesema "Mungu ameniambia kwamba wewe…" kuhusu ndoa au kazi ya kijana ametwaa kiti kisicho chake, na kijana atakapogundua kwamba ushauri ule haukufaa, hatamkasirikia mlezi peke yake.

Mchungaji Francis Clark aliliona hilo mapema. Februari 1881, huko Portland katika jimbo la Maine, Marekani, aliunda chama cha vijana wa kanisa lake chenye ahadi moja iliyowashtua wengi: kila mwanachama atahudhuria kila mkutano wa wiki na atashiriki kwa kinywa chake. Vijana wenyewe waliendesha kamati zote, na mchungaji akasogea pembeni. Mpango huo ulienea haraka kupita alivyotarajia, ukavuka bahari na madhehebu. Siri yake haikuwa mahubiri bora. Kijana aliyesimama kila wiki na kusema sentensi mbili za kwake mwenyewe, hata akiwa anatetemeka, baada ya mwaka amesema zaidi ya sentensi 100. Aliyekaa akimsikiliza msemaji hodari kwa mwaka mzima hana hata moja.

Kukabidhi kazi kuna mpangilio wake, nao unavurugika kwenye sehemu moja. Wiki za kwanza kijana anatazama. Kisha mnaandaa na kuongoza pamoja. Kisha anaongoza wewe ukiwa umekaa. Mwisho anaongoza usipokuwapo. Panapovurugika ni hatua ya tatu. Kijana anasahau hoja, kikao kinapwaya, mlezi anasimama "kumsaidia kidogo" na kumalizia somo vizuri sana. Wote wanajengwa isipokuwa yule kijana, ambaye amejifunza kwamba hakuaminiwa. Kaa. Acha kikao kipwaye. Baadaye, mkiwa mmekaa kibarazani, mtajie jambo moja alilofanya vizuri na jambo moja tu la kurekebisha wiki ijayo. Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha na wengine. Ndani ya agizo hilo moja mna vizazi vinne, na hakuna kizazi kinachofika iwapo wa kwanza hakubali kukaa chini.

Mwaka wa mwisho wa kijana ndio unaopuuzwa kuliko yote, kwa kuwa mlezi tayari ana macho kwa wapya. Miezi sita kabla hajaondoka, mazungumzo yabadilike: atasali wapi huko, atajuana na nani, atafanya nini Jumapili ya kwanza ambapo hamjui mtu na hakuna wa kumwamsha. Wiki mbili au tatu za mwanzo huamua mengi, kwa sababu ndipo ratiba mpya na marafiki wapya wanapopatikana. Mtafute mtu wa huko kwa jina, mzungumze naye mapema, umuunganishe na kijana kabla hajapanda basi. Na ikiwa ni mlezi ndiye anayehama, aage. Walezi wengi hupotea tu, muhula unaanza hawapo, na vijana waliokwisha kuachwa na watu wengine maishani husoma ukimya huo kama walivyozoea kusoma. Wiki nne za taarifa, kikao kimoja cha kuaga, mlezi mpya akiwapo chumbani: haigharimu kitu.

Kwenye daftari, ukurasa wa kijana anayeondoka uongezwe mistari mitatu: jina la mtu atakayempokea, kanisa au kikundi atakachoanzia, na tarehe tatu za kumpigia simu, wiki ya pili, mwezi wa pili, mwezi wa sita. Kwenye simu ya mwezi wa sita, muulize ni nani anayemlea yeye sasa.